Ya Kwanza Iko Mbali na Mwili

Birindwa akianza kueleza habari za gari, tafuta kiti. Nimekuwa jirani yake hapa Kamembe tangu alipomwoa Nzigire, ua wetu ni mmoja na bomba la maji ni moja, na sijawahi kumsikia akimaliza habari hizo kabla chai yangu haijapoa. Anauza mabeseni na viti vya plastiki. Huvuka daraja la Rusizi kwa miguu kwenda kwao Bukavu, upande wa Kongo, na kurudi kwa miguu, kila siku ambayo mpaka uko wazi. Lakini mwulize kazi yake. Atakuambia yeye ni dereva.

Gari lake liko wapi? Hana. Kuna gari la kaka yake, Bruno, linalolala Bukavu na halijawahi kukanyaga Rwanda. Ni la zamani, la gia za mkono, usukani uko upande wa kulia kama magari mengi ya kule yanayofika yameshatumika kwa watu wengine. Bruno humpa Jumapili ampeleke mama yao kanisani. Barabara ya kwenda kanisani ni tambarare na mama yao haoni vizuri. Hiyo ndiyo shule yake yote ya udereva, na kwa shule hiyo anatudharau sisi sote.

Kwa Birindwa binadamu wamegawanyika mara mbili. Kuna wanaoendesha manuel, gari la gia za mkono, hao ndio watu. Halafu kuna wa otomatiki. "Bale habaendeshake," husema, huku amejishika kiuno, "banaendeshwa tu. Motokari inabapeleka fasi inapenda." Yaani gari ndilo linaloamua pa kwenda. Tangu serikali iruhusu mtu afanye mtihani wa leseni kwa gari la otomatiki, ndugu yangu huyu amekuwa kama aliyefiwa. Kila akiona kijana na leseni mpya anaivuta, anaisoma, na kuirudisha kwa ncha za vidole.

Mimi nina Yaris ndogo ya otomatiki. Nimeinunua kwa cherehani yangu, na kwa hiyo Yaris napeleka vitenge soko la Bugarama hadi mpakani Ruhwa. Sioni aibu kusema kwamba gari la gia linanitisha. Nilijaribu wakati wa kujifunza, mguu mmoja ukaenda kwenye klachi, mwingine ukaenda kwenye breki, na akili ikabaki nje barabarani. Nina miguu miwili, gari langu lina pedali mbili, tunaelewana. Birindwa ananiita Maman wa D, kwa sababu ya ile herufi ninayoweka nikitaka kuondoka. Ananiita hivyo mbele ya wateja.

Ningemvumilia kama angekuwa na haki ya kujisifu. Hadithi yake kubwa ni ya lori la Kamituga: tope hadi kwenye milango, mlima, giza la msitu, na yeye Birindwa akicheza na vitesi, maana hapa kwetu gia tunaziita vitesi, mpaka lori likapanda. Tumeisikia hadithi hiyo msibani, tumeisikia harusini. Halafu siku ya ubatizo wa mtoto wao Elikia, Bruno mwenyewe akavuka kuja kula nasi, hadithi ikaanza, na Bruno akacheka hadi akaweka sahani chini.

"Osée?" akasema, akimtaja ndugu yake kwa jina la ubatizo. "Osée njo alikuwa convoyeur. Lori ikishindwa mulima, anaruka, anaweka jiwe nyuma ya tairi. Tena alikuwa anajua kuweka jiwe, kweli kabisa!"

Convoyeur, kwa asiyejua, ni yule anayening'inia nyuma ya lori. Nilimwangalia Birindwa. Alijimwagia mchuzi zaidi na kusema mashofere wa siku hizo walikuwa wanasaidiana. Wiki iliyofuata akaisimulia tena, na lori likapanda vilevile.

Sasa sikia lililo la kweli. Nyumba hiyo ina dereva mmoja mwenye cheti cha Rwanda, naye ni Nzigire. Alifanya mtihani kabla ya kuolewa, hapa hapa Kamembe, kwa gari la gia, usukani kushoto kama sheria ya hapa inavyotaka, akapita mara ya kwanza. Tangu harusi leseni yake inakaa ndani ya sanduku kati ya vitenge ambavyo havivai. Mume anasema leseni ya mwanamke ni pambo. Nzigire akawa anabeba mabeseni kichwani nyuma ya dereva asiye na gari. Niliwaona wakipita hivyo asubuhi nyingi, yeye chini ya mzigo na bwana mbele mikono mitupu, na kila mara nilikasirika upya.

Madame Emerance ni mteja wangu. Anasimamia kituo kimoja cha kuosha kahawa juu kule, upande wa Mibirizi, nami huwashonea aproni wanawake wanaochambua kahawa yake. Msimu ulipofika akaniambia anatafuta dereva wa pikapu, wa kuzunguka vilimani kukusanya kahawa mbivu. Alitaka mtu mpole, asiyekunywa, na anayeweza kuondoa gari mlimani bila kurudi nyuma, kwa sababu pikapu ni ya gia na kituo chote kiko mlimani. Niliacha mkasi mezani nikaenda kumwambia Nzigire palepale.

Alikuwa anafua. Aliacha nguo ndani ya beseni, povu likimkaukia mikononi.

"Dada Shadia," akasema, "mi nataka kazi yenye nikifanya muzuri, bantu baseme ni Nzigire. Si bibi ya Birindwa. Nzigire tu."

Nikaahidi kumpeleka mwenyewe siku ya kujaribiwa. Madame Emerance alikuwa amesema wazi kwamba kuna mwanaume mwingine anayeiomba kazi hiyo, Gad wa Bugarama, na kwamba wa kwanza kupandisha pikapu hadi kwenye mabirika ya kuoshea ndiye atakayeichukua.

Kosa lake Nzigire lilikuwa kumwambia mumewe. Nilidhani Birindwa atakataa, na ningejua la kufanya na kukataa kwake. Hakukataa. Alifurahi. Akasema hakuna bibi yake atakayekwenda kumwaibisha, atamfundisha yeye mwenyewe, bure, kuanzia mwanzo, kwa sababu zile auto-école, shule za udereva, zinadanganya watu.

Alifundishia nini, na gari liko ng'ambo ya mpaka? Alitoa kigoda uani akamketisha mkewe. Mbele ya miguu yake akapanga matofali: la ambreyaji, ndiyo klachi, la breki, la mafuta. Sinia la ugali likawa usukani, ambao yeye huuita volan. Halafu akaleta kinu cha kutwangia sombe, yaani kisamvu, pamoja na mchi wake, akakiweka chini, upande wa kushoto wa Nzigire. Mchi ndio ulikuwa fimbo ya gia.

Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu. Niliacha kushona.

"Ya kwanza iko mbali na mwili," Birindwa akaanza, kwa sauti ya padri. "Sukuma mbali, peleka mbele. Ya pili, mbali tena, vuta nyuma. Unasikia? Mbali na mwili!"

Nzigire akasukuma mchi. Kinu kikalia. Jioni iliyofuata mkono wake wa kulia ukaachia sinia wenyewe, ukashuka pembeni ya goti kutafuta kitu, na Birindwa akaupiga kofi.

"Ile mukono inafanya nini kule?"

"Papa Elikia, mi nakumbuka kwa auto-école nilikuwa natumia mukono ya kuume."

"Sahau ile! Mukono ya kuume ni ya volan. Haiachake volan hata mara moja."

Hapo nilishindwa. Nilimwita kutoka barazani, nikamwambia kinu kiko upande wa Bukavu, akihamishe. Magari ya hapa fimbo iko kulia, hata yangu iko kulia, na ya kwanza siku zote iko kushoto, kwa hiyo ukihamisha fimbo haiwi mbali tena, inakuwa karibu na goti. Nilisema taratibu, kama ninavyomweleza mteja mkaidi kwamba amenenepa. Mtu yeyote mwenye macho mawili angetazama mara moja akaelewa. Birindwa hata hakugeuka.

"Weye Maman wa D, nyamaza. Muntu wa otomatiki anajua nini ya vitesi?"

Nzigire alinitazama. Najua aliniamini. Lakini mimi narudi kulala kwangu, naye analala na mtu ambaye akikosolewa hukaa siku nyingi bila kugusa chakula, akizunguka ua na uso wa marehemu. Akarudisha mkono wa kulia kwenye sinia. Kila jioni ukitoka uliletewa kofi, mpaka mwisho ukaacha kutoka. Ule mkono ulikuwa na leseni, na mtu asiye na chochote akaufundisha kusahau. Nilimchukia kwa hilo, na sijamaliza.

Siku ya kujaribiwa nilitoa Yaris. Nzigire alikaa nyuma na leseni yake ndani ya kitambaa. Birindwa alikaa mbele, pembeni yangu, kwa sababu hawezi kukaa nyuma ya mwanamke anayeendesha, na safari nzima hakufunga mdomo. Eti mkono wangu umelala. Eti mtu wa D hasikii injini ikimwomba msaada. Muda wote huo fimbo ya gia ya Yaris ilikuwa katikati yetu, kulia kwangu, imekaribia kumgusa goti. Alisogeza mguu ili isimsumbue.

Kituo kile kinaanzia chini kwenye geti, penye lundo la maganda ya kahawa yanayonuka kama pombe iliyoharibika, halafu njia ya udongo mwekundu inapanda wima hadi kwenye mabirika. Madame Emerance alikuwa amesimama katikati ya mteremko, mikono imefungwa kifuani. Gad alikuwa amekaa juu ya gunia tupu akingojea zamu yake. Pikapu ilisimamishwa mbele ya lile lundo, njia inapoanza kupanda, pua imeelekea mlimani.

Nzigire akapanda. Akafunga mkanda, akarekebisha kioo, akatazama nyuma. Alifanya yote hayo vizuri na moyo wangu ukaanza kutulia. Akakanyaga klachi.

Mkono wake wa kushoto ukaenda kutafuta kinu.

Niliusikia ukigonga mlango. Ukapapasa, ukakuta ile manivela ya kupandisha dirisha, ukaishika. Nzigire akainua macho, akaniona, akaona aibu. Akabadilisha mkono, akashika fimbo kwa kulia, na angalau hilo likawa sawa. Halafu akafanya kama alivyofundishwa uani. Akasukuma mbali na mwili, mbele. Kwenye pikapu ya Rwanda, hapo ndipo inapokaa ya tano. Sijui kuendesha gari la gia, lakini mtu gani anaanza mlima na ya tano? Gari likatetemeka, likakohoa, likazima. Likakala, kama tusemavyo. Akawasha tena, akasukuma mbali tena, likakala tena.

"Reka," Madame Emerance akasema, yaani aache. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyekwisha kupoteza asubuhi yake, akamtazama Gad, na Gad akasimama akajikung'uta makalio.

Nzigire hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele. Nilitaka kulia badala yake. Jambo pekee alilolitaka tangu nimjue lilikuwa linaondoka mbele ya macho yetu, kwa sababu ya kinu cha sombe.

Nani sasa alipaza sauti? Mwalimu mwenyewe.

"Motokari iko mugonjwa!" Birindwa akaita, akitembea kuelekea pikapu huku akikunja mikono ya shati. "Madame, acha nikuonyeshe. Bibi yangu anajua, mi njo nilimufundisha. Hii boîte ya vitesi imekufa." Eti giaboksi ndiyo mbovu.

Madame Emerance akafungua mikono. "Onyesha basi," akasema.

Nzigire akateremka, akasimama kando yangu. Birindwa akakaa. Akavuta kiti mbele, akakirudisha, akakohoa kama anayetaka kuhutubia. Akakanyaga klachi, akawasha, na mkono wake wa kushoto ukaruka bila kufikiri, ukaishika manivela na kuizungusha kwa nguvu zote. Dirisha likashuka hadi chini.

Mwanamke mmoja juu kwenye mabirika akacheka. Birindwa akasema kuna joto.

Halafu akapata fimbo kwa mkono wa kulia, akaishika kama anayeshika kuku wa mtu, akasukuma mbali na mwili, mbele. Gari likakala. Akatuambia kupitia dirisha lililo wazi kwamba gari la namna hii ya kwanza yake imechoka, na dereva mzoefu huondoka na ya pili. Akawasha. Akasukuma mbali na mwili, akavuta nyuma. Ndiyo ya pili, uani kwetu.

Kwenye pikapu ya Rwanda ni ya kurudi nyuma.

Akaachia klachi kwa fahari. Pikapu ikanguruma ikaondoka vizuri sana, bila kukala, kinyumenyume, na Birindwa uso wake umeelekea mlimani, kidevu juu, mpaka nyuma ikazama kwenye lile lundo la maganda na injini ikazima. Maganda yakamwagika juu ya pikapu. Harufu ikaamka. Mimi niliyekuwa nimejiandalia maneno ya miaka mingi nikaona yote ni madogo.

Nikamgeukia Nzigire nikidhani analia. Alikuwa anatazama ile fimbo kupitia kioo cha mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa pembeni ya goti lake, vidole vimekunjwa, ukienda mbele kidogo, ukirudi nyuma kidogo, karibu kabisa na mwili. Ulikuwa umekumbuka.

"Madame," akasema, "nipatie mara moja tu."

Madame Emerance akamtazama, akaitazama pikapu ndani ya maganda, akamtazama yule aliyeiweka humo. "Mara moja," akasema.

Nzigire akateremka hadi kwenye mlango wa gari, akaufungua.

"Papa Elikia, shuka."

"Ngoja nikueleze, hii motokari..."

"Shuka. Enda uweke jiwe."

Nakuambia niliona kwa macho yangu: Birindwa alishuka, akatazama huku na huku, akachagua jiwe moja kubwa lenye ubavu bapa kando ya geti, akalibeba hadi nyuma ya tairi, akapiga magoti ndani ya yale maganda na kulisukuma kwa kiganja, akaligeuza kidogo, akalisukuma tena. Likakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akifanya kazi anayoijua, na alikuwa mzuri katika hiyo. Laiti angejisifia hiyo, hata mimi ningempigia makofi.

Nzigire alifuta mkono wake wa kulia kwenye kitenge. Akakanyaga klachi, akawasha, akashika fimbo. Akaivuta karibu na goti lake, akaipeleka mbele. Akashusha breki ya mkono polepole, mguu wa kushoto ukipanda polepole, na injini ikabadilisha sauti, ikawa nzito. Pikapu ikatikisika mara moja, ikatoka kwenye maganda, ikaanza kupanda.

Haikurudi nyuma hata kidogo. Madame Emerance akasogea kando kuipisha, akamwambia Gad kwa upole asikasirike, kazi imeshapata mwenyewe. Gad akachukua kofia yake.

Na Birindwa? Convoyeur akishaweka jiwe, lori likiondoka, hulibeba jiwe na kulikimbilia lori, kwa sababu mlima haujaisha. Miguu yake haijasahau. Alilikumbatia lile jiwe kifuani, suruali imejaa maganda, akakimbia kando ya dirisha ambalo alilifungua mwenyewe, akihema, akipiga kelele kituo kizima kisikie.

"Sasa ya pili! Maman Elikia, ya pili! Mbali na mwili! Mbali na..."

Mkono wa kulia wa Nzigire ulikuwa na kazi kwenye usukani. Wa kushoto haukuwa nayo. Ukashuka mlangoni, ukaipata manivela mara moja bila kupapasa, maana mke na mume walikuwa wamekwisha kuonyeshana ilipo, ukaanza kuizungusha. Kioo kikapanda taratibu, na maneno ya Birindwa yakawa madogo, halafu yakakatika.